Kibodi Mgongoni mwa Mama

Harufu ya vumbi jekundu lililoloweshwa na mvua ya kwanza hunirudisha Murungu, wilayani Kibondo, mwaka niliokuwa darasa la saba. Mama alikuwa mpiga chapa wa shule yetu, na kompyuta pekee tuliyopewa na wafadhili ilikuwa mikononi mwake. Haikuwa na neno la siri. Ukiiwasha tu inakumwagia kila kitu, hata mtihani wetu wa majaribio. Kipanya nacho haikuwa nacho, kwa hiyo bila kibodi hufungui chochote. Basi kila jioni mama aliichomoa kibodi, akaifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, akarudi nayo nyumbani kwa miguu. Majirani walimtania njiani, "Mama Neema, huyo wa pili anaanza kutambaa lini?" Naye aliwajibu, "Huyu hatambai, ila anajua siri za watu." Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuigusa.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa wa kwanza. Siku hiyo hiyo uvumi ukazagaa kwamba mama amenionyesha maswali. Mwalimu mkuu akamwita ofisini, nami nikasimama mlangoni kusikiliza, maana kazi ile ndiyo iliyotulisha. "Mwalimu, mtungie mtihani mwingine," mama alisema. "Uandike ubaoni kwa mkono wako. Mimi nitakaa nje." Niliufanya peke yangu, darasa zima likinichungulia madirishani, na nikapata alama nyingi kuliko mara ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu mkuu alitoka akampa mama mkono mbele ya watu wote, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinanijaa.

Siku hizi nasimamia kompyuta za ofisi moja mjini Kasulu. Zinafunguka kwa alama ya kidole, zinasaka virusi zenyewe, na mwizi wa siku hizi hahitaji kupitia dirishani, anaweza kuiba akiwa nchi ya mbali. Mama alipokuja kunitembelea ofisini nilimweleza yote hayo kwa majivuno. Alisikiliza, akaitikia, kisha akaona kikaratasi nilichobandika chini ya kioo cha kompyuta, chenye neno langu la siri, lile linalofungua pale kidole kinapokataa. Akakibandua taratibu, akakikunja, akakifunga fundo kwenye pindo la kitenge chake.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "hiki naenda nacho nyumbani."