Aliyeleta Uyoga Aonje Kwanza

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini uyoga naujua. Kwetu Sikonge mvua za kwanza zikinyesha tulikuwa tunaingia porini na vikapu, na mama yangu alikuwa na sheria moja: aliyeleta uyoga ndiye anayeonja kwanza, mezani, mbele ya watu, na sisi wengine tunamtazama mpaka ameze. Sheria hiyo nimekuja nayo Landani pamoja na sufuria yangu, ambayo pale uwanja wa ndege waliipekua kama vile nimeficha mtu ndani.

Nakaa Thornton Heath na mwanangu wa kiume, dereva wa basi. Mimi nikipanda basi lolote, hata lisilo lake, namwamkia dereva kwa heshima zote, maana najua mama yake yupo mahali anajisifu kama mimi. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mwanangu. Mkewe alipoondoka akawa mtu wa kujibu ndiyo na hapana tu. Miezi miwili mitatu mizima hivyo. Halafu nikaanza kumsikia anapiga mluzi bafuni, nikasema Mungu amesikia.

Jumapili moja baada ya kanisa, natafuta majani ya chai, nikakuta nyuma ya kabati kopo la uyoga mkavu. Na mimi muda wote huo nilikuwa namlilia kwamba nimeukumbuka uyoga mkavu wa nyumbani! Nikajua kaninunulia, anataka kunishtukiza. Machozi yakanilenga. Nikauloweka kwenye maji ya moto, na hapo nikaona vijishina vina rangi ya bluu. Nilitakiwa kusimama. Sikusimama, kwa sababu nilishajiita fundi, nikasema labda wa huku ndivyo ulivyo. Nikauunga na karanga, nikasonga ugali.

Binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja kutoka Lewisham kula na sisi. Akachungulia bakuli, akasema linanuka kama soksi za mdogo wake enzi za shule. Huyo mdogo wake, mwanangu dereva, alikuwa ndiyo kwanza anatoka kuoga, hajui kilichopikwa. Tukanawa. Nikamsogezea bakuli, nikamwambia uyoga wa kwenye kopo umeleta mwenyewe, haya, onja tukuone.

Tonge alishalikata. Mkono ukasimama hapo hapo juu ya bakuli. Angeweza kusema tumbo linamuuma, lakini mimi na dada yake tulikuwa tunamsubiri yeye ameze ili tule. Nilimwona anahangaika rohoni. Akisema ukweli, kazi inaweza kwenda.

"Mama, msile," akasema. "Huo si mboga. Ni dawa yangu."

Akatueleza huku anatazama ugali. Kumbe ule ni uyoga wa kulewesha akili, una kitu kinaitwa silosaibini. Mtu akila mwingi anaona kuta zinapumua. Sasa wapo watu wanaokula chembe tu, siku moja moja, wasilewe, wakitumaini huzuni itapungua, wanaita maikrodozi. Yeye alisimuliwa na mtu wa kazini. Binti yangu akasema amesikia habari hizo, kwamba wataalamu bado wanachunguza, wengine wanaona huenda nafuu ni ya kuamini tu, na sheria ya hapa imeukataza, uwe chembe au kikapu.

"Na kesho alfajiri unabeba watu kwenye basi?" akamuuliza.

"Nakula punje, dada. Silewi."

"Nani amekupimia?"

Akaliweka tonge pembeni. Mimi nilikuwa natazama sufuria. Nilikuwa nimepika kopo zima.

Akasimama, akachukua bakuli na sufuria, akamwaga vyote kwenye mfuko wa takataka, akaufunga mafundo mawili. Tukala ugali na mtindi. Kesho yake alipiga simu kazini, akasema hayuko sawa kuendesha, na sababu akaitaja. Kisha akaenda kwa daktari, dada yake kamsindikiza mpaka mlangoni, akaingia peke yake na kusema yote.

Usukani walimwondoa kwa muda mrefu, sitaficha. Alikuwa anashinda nyumbani, mluzi umekatika, na kila wiki anakwenda kuzungumza na mtu wa mambo ya huzuni. Watu wa kanisani waliponiuliza mbona mwanao haonekani kwenye basi, niliwaambia amesimama mwenyewe. Niliwaambia kichwa kikiwa juu, na wengine hawakuelewa nilikuwa najivunia nini.

Sasa amerudi barabarani. Juzi aliniletea uyoga mweupe wa kawaida kutoka soko la Lewisham, akaupika mwenyewe, chumvi imezidi. Kabla sijafungua mdomo alishakata tonge, akachovya, akameza, akanitazama.

"Haya mama," akasema, "kula."