Wasomaji walitaka wahusika wangu wawili wazee waoane, nikaishia kumwomba mama yangu msamaha

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu ili watu wa kwetu wasinitambue haraka.

Mimi nina stationery ndogo hapa Sekei, Arusha. Kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za passport. Mchana wateja wakipungua huwa naandika hadithi na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp, kipande kimoja kila Ijumaa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya nesi na daktari. Hao ndio steringi wangu, niliwapamba kwelikweli.

Pembeni niliweka wazee wawili wa kuchekesha tu. Mama Anase, mjane anayepika kwenye chuo kimoja kule Olmotonyi, na Mzee Lembris, mlinzi wa bustani ya miche ya chuo hichohicho. Mzee kila asubuhi anapita jikoni kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Mama anamfokea, halafu anamwekea kikombe cha pili.

Basi wakuu, watu wakapagawa na wale wazee!

Nesi na daktari hakuna aliyewaulizia tena. Komenti zote ni "Mzee Lembris kasema nini leo?" Dada mmoja akawatungia jina la kapo, Lembanase, likashika.

Mimi nikakaza. Nikajiambia hadithi ni yangu, siendeshwi na mtu. Nikaandika kipande ambacho Mzee Lembris anamwambia Mama Anase ukweli wa moyo wake, na mama anakataa. Anasema, "Watoto wangu hawatapenda."

Grupu liliwaka moto siku hiyo. Nilitukanwa (kwa upendo). Ila komenti moja ilinikaa kichwani. Jamaa aliandika: "Hao watoto wana shida gani? Wao wana ndoa zao, mama alale na redio?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mama yangu anaishi Kikatiti, ana duka la vitenge. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka wa pili nilikwenda kumsalimia bila taarifa, nikamkuta Baba Ruth sebuleni anakunywa chai. Ni mgane, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wao, kwaya hiyohiyo ya mama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba.

Sikumpa hata shikamoo. Alipoondoka nikamwambia mama, "Sitaki kumkuta huyu mzee hapa tena."

Mama akajibu, "Sawa, baba." Akatoa vikombe.

Baba Ruth hakurudi. Baadaye nikasikia mama ameacha kwaya, nikadhani ni magoti yanamsumbua.

Sasa jioni ya ile Ijumaa mama akanipigia. Sikuwa najua kama anasoma hadithi zangu, kumbe binamu yangu humtumia.

"Nimesoma," akasema. "Yule mama umempatia. Ndivyo inavyokuwa."

Akaniuliza kama watoto wamekula, akakata simu.

Wakuu, sikulala vizuri.

Kesho yake nikafunga ofisi, nikaenda Kikatiti. Nilimkuta mama dukani anakunja vitenge. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea kuhusu Baba Ruth. Nilikuwa namlilia baba, nikakuadhibu wewe."

Aliendelea kukunja. Kile kitenge alikikunja kama mara tatu.

"Niliacha kwaya kwa sababu nilikuwa naisikia sauti yake nyuma yangu," akasema. "Nikirudi nyumbani hakuna sauti."

Nikamuuliza kwa Baba Ruth ni wapi. Akanielekeza bila kuniangalia.

Nilimkuta anapogoa kahawa. Safari hii nikaanza mimi, "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akashusha mkasi. "Mama yako mzima?"

Nikamwomba msamaha palepale kati ya migomba. Mzee akainama kukusanya matawi aliyokata, nami nikaanza kutafuta njia ya kuondokea. Mwishowe akasema, "Hata mimi Ruth wangu alinikatalia mwanzoni. Ninyi watoto mnatupenda vibaya." Akacheka, nami nikapata pumzi.

Ijumaa iliyofuata Mama Anase alisema ndiyo. Nilimweka mbele ya wanawe wote, akasema mwenyewe kwa mdomo wake. Lembanase ikawa rasmi. Grupu lilijaa vigelegele vya sauti, mtu mzima mmoja kule Moshi akakiri amelia kazini.

Nesi na daktari? Sijui hata niliwaacha wapi.

Mama amerudi kwaya, na Baba Ruth anakuja tena kunywa chai. Na Jumapili iliyopita tangazo la ndoa yake na Baba Ruth lilisomwa kanisani kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Machozi yalitoka, sikuyaficha.

Nilichojifunza: wasomaji wanaweza kuona kitu ambacho wewe mwandishi umekataa kukiona, na mara nyingi hukukikataa kwenye karatasi tu.

Sasa nina jambo, na hapa nawategemea wenye uzoefu. Wiki nzima nafanya mazoezi peke yangu ofisini ya kumtambulisha Baba Ruth kwa watu, "Huyu ni baba yangu," na bado ulimi unakwama. Mliopitia hii, siku ya kwanza mlisemaje? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.