Mpira wa Kijani Hauingii Kwenye Tangi la Mtu

Saa mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja wa kuegesha magari-nyumba, mama mwenye buti za mvua amechutama kando ya koki. Ananusa ncha ya mpira wa maji kama anayechagua samaki sokoni. Anafungua koki, anaacha maji yamwagike kwa dakika nzima, kisha anakinga kikombe na kunywa funda moja.

"Sawa," anasema. "Lete gari."

Gari lenyewe ni nyumba yenye magurudumu: lina kitanda, jiko, choo, na chini yake tangi la maji ambayo familia itayanywa wiki nzima. Madereva humwita Mama Onja. Ana miaka tisa kwenye koki hii, hujaza magari kumi mpaka kumi na tano kwa siku, na leo huenda akafukuzwa kazi kwa sababu ya mpira.

Mpira anaotumia ni mweupe, wa mita kumi na tano, umeandikwa ubavuni kuwa ni wa maji ya kunywa. Ni mali yake. Mwezi uliopita bosi aliitupa mipira myeupe ya kituo iliyochakaa, akaleta rola la mpira wa kijani, ule wa kumwagilia maua, kwa kuwa ulikuwa wa bei poa. Mama Onja akatoa karibu nusu ya mshahara wake akanunua wake.

"Bosi aliniambia maji ni maji," anasema. "Nikamwambia haya, kata kipande, kijaze maji, tuzibe ncha, tukianike juani mpaka mchana, halafu unywe wewe kwanza. Mchana ulipofika akasema ana simu ya kupiga."

Mama Onja mwenyewe aliyanywa. Anasema yalikuwa na ladha ya tairi.

Ladha hiyo anaijua tangu mwaka wake wa kwanza kazini. Siku moja mpira mweupe haukufika kwenye gari la wazee wawili, mtu na mkewe, naye akiwa na haraka akauunga na kipande cha mpira wa bustani. Siku tatu baadaye wazee walirudi. Yule bibi, muuguzi mstaafu, alishuka na chupa ya chai, akammiminia kikombe.

"Akaniambia, 'Kunywa, mwanangu.' Nikanywa. Hakunigombeza hata neno moja. Angenigombeza ningesahau," anasema. "Mumewe alikuwa mgonjwa wa figo. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze."

Tangu hapo hana mzaha. Mpira wake haulali chini, ncha zake huzibwa, na hauning'inizwi ukuta mmoja na ule wa kusafishia tangi la choo. Jioni humwaga maji yote yaliyomo, huukunja begani na kwenda nao nyumbani, ambako una msumari wake chumbani.

"Mimi nililetewa mke wa pili bila kuulizwa," mumewe, fundi viatu, anatania. "Tena huyu hapiki!"

Mdogo wake haoni cha kuchekesha. "Dada, funika kombe mwanaharamu apite," amemsihi mara nyingi. "Kazi zenyewe ziko wapi? Weka huo wa kijani, nani atajua?"

"Mimi nitajua," Mama Onja humjibu. "Na mwenye kunywa atajua."

Jumatatu bosi alimpa karatasi ya kusaini: kuanzia sasa atatumia vifaa vya kituo tu, la sivyo aondoke. Mwisho ni leo, Ijumaa, saa sita.

Saa sita kasoro bosi anakuja, miwani ya jua kichwani. Magari manne yako foleni. Mama Onja anafunga koki, anafuta mikono kwenye aproni, anatoa karatasi mfukoni. Mahali pa sahihi ameandika kwa herufi kubwa: SIKUBALI. Chini yake ameweka sahihi yake, safi kama ya hati ya benki.

Bosi anasoma. Anasoma tena. "Unajua maana yake hii?"

"Naijua, bosi. Ndiyo maana nimesaini."

Dereva wa gari la mbele anazima injini ili asikie vizuri. Bosi anamtazama dereva, anaitazama foleni, anaikunja karatasi. "Tutaongea Jumatatu," anasema, na kuondoka.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza, je, Jumatatu akiambiwa atoke? Mama Onja anaonyesha kibanda kitupu ng'ambo ya barabara. Ameshazungumza na mwenye nacho. Anataka kuuza mipira ya maji ya kunywa kwa mita, aikate mbele ya macho ya mteja, na kumfundisha kila mmoja namna ya kuitunza.

"Naogopa, nisikudanganye. Usiku silali," anasema, akishika koki tena. "Lakini hofu yangu nitainywa mwenyewe. Siwezi kumnywesha mtoto wa mtu."