Breki Tulizoziacha Uvunguni

Kabla sijavunjika paja nilikuwa kijana mzima, mwenye miguu miwili iliyo sawa na kichwa kisichopumzika. Nilimaliza chuo kikuu Dar es Salaam wakati serikali inapunguza wafanyakazi badala ya kuajiri. Nikarudi Chumbi, kwa mjomba wangu mwenye duka, ambako mama pia alikuwa akiishi. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa nchini. Sabuni tulizozipangia foleni nilipokuwa mtoto sasa zilijaa mpaka barazani. Mjomba akawaza watu wa milima ya Umatumbi, kusini kwetu, walio mbali na maduka.

"Mjomba, wewe una miguu, mimi nina baiskeli," aliniambia. "Wapelekee khanga, sabuni na betri."

Nikawa mchuuzi. Njia za milimani nilizisoma kama mtihani. Ile ya barabara kuu ni ndefu, lakini vilima vyake ni vya taratibu. Ile ya mikorosho ni fupi, ila ina mpando ambao lazima ushuke usukume, na ukifika juu unaona bonde lote la Rufiji limelala chini yako. Kabla ya kila safari niliwaza mvua, miiba, mnyororo kukatika, simba, hata nitasema nini nikikutana na mtu niliyesoma naye. Breki sikuziwaza kabisa.

Hilo linahitaji maelezo. Kwetu bondeni baiskeli hazina breki. Zikinunuliwa zinazo, lakini maji ya mafuriko yakishuka, tope la mfinyanzi hujikusanya kati ya rimu na mipira ya breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Basi tunazing'oa na kuzisukumia uvunguni mwa kitanda. Nchi ni tambarare. Ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama yenyewe. Ukiwa na haraka ya kusimama, unakandamiza kiatu kwenye tairi la mbele. Sikufundishwa na mtu, nilikua nikiona. Nikapanda milimani na tabia hiyohiyo na viatu vyangu vya tairi, na kwa muda mrefu sikupatwa na kitu.

Siku hiyo manyunyu yalikuwa yamepita. Nilikuwa nashuka ule mteremko wa mikorosho, mzigo uko nyuma kwenye keria. Nikaweka kiatu cha kulia kwenye tairi kama kawaida. Kikateleza. Nikakandamiza kwa nguvu zaidi, mkanda wa kiatu ukakatika, na mguu ukaingia kwenye spoki. Baiskeli ilisimama, mimi sikusimama. Paja lilipiga kisiki.

Nilisikia mlio mkavu, kama mti wa muhogo unapovunjwa. Maumivu hayakuja papo hapo. Nilitazama nikaona unyayo umegeukia upande ambao unyayo haugeukii, nikajiambia, kwa utulivu ambao mpaka leo siuelewi, kwamba ule si mguu wangu. Nilipojaribu kujisogeza nikatapika.

Kinamama wawili waliokuwa wakiokota korosho ndio walionikuta.

"Usimwinue hivyo, mfupa utatoka nje," mmoja alimwambia mwenzake.

Walikata mianzi, wakachana khanga zangu za kuuza, zingali na harufu ya dukani, wakanifunga mguu kuanzia kiunoni mpaka kwenye kifundo. Wanaume wakaja na kitanda cha kamba, wakanibeba mpaka barabarani.

Nilipofikishwa Chumbi paja lilikuwa limevimba na kung'aa. Mjomba alitaka nipelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa.

"Kamuunga mtoto wa jirani," alisema, "leo anacheza mpira."

"Yule alivunjika mkono," mama alijibu. "Huyu mguu umekuwa gunia. Tunavuka mto, twende misheni."

"Dada, pantoni yenyewe..."

"Tunavuka."

Mnunuzi mmoja wa korosho alitupakia kwenye gari lake, juu ya magunia. Kwenye pantoni malori yalitupisha. Njia nzima mama alikaa miguuni pangu, kaushika unyayo wangu kwa mikono miwili usilale pembeni. Kila shimo la barabara lilipita kwangu, kisha likapita kwake.

Hospitalini nilitaka kujua jambo moja tu, nitaondoka na miguu mingapi. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mfupa umekatika katikati. Tutapitisha chuma hapa chini ya goti, tuning'inize uzito, mguu uvutwe mpaka mfupa ukae sawa. Utalala chali wiki nyingi."

"Nitatembea?"

"Tuanze na kulala," alisema.

Nililala. Uzito wenyewe ulikuwa mfuko wa mchanga, na kazi yangu ikawa kuutazama. Ukiyumba, nilihisi mguu unarefuka. Ukigusa ukingo wa kitanda, nilihisi unafupika, nikamwita muuguzi. Haja zote nilizimaliza kitandani, mama akishika chombo na kutazama ukutani. Kidonda kilinichimba juu ya makalio.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Mapande, Mmatumbi, mkulima aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika mguu chini ya goti. Sisi Wandengereko na Wamatumbi ni watani, na mtani hana ruhusa ya kukuonea huruma.

"Mndengereko huyu," aliiambia wodi nzima. "Kaona kilima mara ya kwanza maishani, kadhani ni ukuta, kaenda kuugonga." Alipojua habari ya breki akamgeukia muuguzi. "Sista, mpeni dawa ya kichwa. Mguu uacheni."

Kisha sehemu kilipopita kile chuma ikaanza kutoa usaha. Homa ikapanda, meno yakagongana. Daktari alikinusa kitambaa kilichofunika kidonda, akakitupa kwenye beseni.

"Tutausafisha na kukuchoma sindano. Tukiona hausikii dawa, tutazungumza."

Neno hilo sikuliacha. Tutazungumza nini? Na nani, mimi au mama? Kwa nini hakutaja mguu? Sikula. Mama alikaa pembeni, tasbihi mkononi. Mchana mmoja Mapande akaniuliza nawaza nini. Nikamwambia.

"Basi si mzungumze," alisema. "Mimi nimeshajiandaa. Siku ya kukuzika nitaingia kaburini kwanza, kama watani tunavyofanya, nilale humo, sitoki mpaka mjomba wako anipe ile baiskeli. Na breki sitaki, nisije nikaonekana mgeni huko bondeni kwenu."

Nilicheka. Kicheko kikautikisa mguu, nikalia kwa maumivu, na katikati ya kilio nikamsikia mama naye anacheka. Tangu homa ianze alikuwa hajacheka. Siku hiyo nilikunywa uji wote. Sindano ziliendelea, usaha ukapungua, homa ikashuka. Daktari alipokuja tena alibonyeza kidonda, akaandika kitu, akaenda kitanda kingine. Hatukuzungumza.

Walipokichomoa kile chuma, paja langu lilikuwa jembamba kuliko mkono wa mama. Nilijifunza kutembea kwa magongo kwenye ukumbi wa wodi, kisha kwa gongo moja, kisha kwa kushika kuta. Mguu wa kulia umebaki mfupi kidogo. Fundi viatu aliongeza kipande cha tairi kwenye soli.

Nilirudi nyumbani nikaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani na breki zake zote mbili, zimepakwa grisi, mipira mipya.

"Zilikuwapo uvunguni," mjomba alisema, akashughulika na mizani.

Sikuipanda. Miezi ilipita. Kila nikifumba macho niliushuka ule mteremko, na kila mara nikaanguka mahali tofauti. Mwishowe wachuuzi wakaniletea salamu za Mapande, "Mwambieni mtani wangu ananyima watu msiba. Aje anilipe ile baiskeli niliyoikosa."

Nikaenda. Alinisubiri chini ya ile njia ya mikorosho, tukaupanda mpando pamoja, wote tukichechemea, tukisukuma baiskeli kwa zamu. Juu nikasimama. Bonde lilikuwa palepale. Nikaanza kumweleza kwamba labda tusubiri ardhi ikauke. Mapande akakaa kwenye keria.

"Ukiniangusha utanizika wewe," alisema. "Na watani zangu ni wengi."

Nilishika breki kabla gurudumu halijazunguka, nikazishika mpaka chini. Zililia njia nzima. Tukapita kisiki kile, nikakiona, nikaendelea. Chini Mapande akashuka akajinyoosha.

"Mtani, umenishusha polepole mpaka nimepata usingizi."

"Na msiba?"

"Nimeghairi."

Namshukuru Mungu, nawashukuru kinamama wa korosho, daktari na wauguzi, na mikono ya mama yangu. Wewe unayesoma haya umelala chali, mguu umening'inizwa, najua unavyoutazama huo mfuko. Usimjibie daktari maswali ambayo hajakuuliza. Akisema muanze na kulala, anza na kulala. Ukipata jirani wa kukutania, usimnunie.

Na kama unatoka bondeni kwenda milimani na baiskeli, kwanza chungulia uvunguni.