Mkanda wa Baba Cheryl

Magdalene alikuwa nesi, na macho yake yalizoea kuona kilichobadilika kwa mgonjwa kabla mwenyewe hajasema. Asubuhi hiyo, jikoni kwake mtaani Bordesley Green, alikuwa akilinganisha picha mbili za mumewe Shem, ambaye kazi humpeleka Japani mara kwa mara, naye hupenda kulala kwenye nyumba za wageni za kizamani, zenye mikeka sakafuni. Picha ya kwanza, ya safari iliyopita, ilikuwa na maua ya micheri dirishani. Ya leo ilikuwa na theluji. Lakini lile joho la kitambaa wanalopewa wageni kuvaa! Zamani upande wa kulia ulikuwa juu. Leo juu ni wa kushoto, na mkanda umefungwa vizuri mno. Mtu anayeshindwa kufunga aproni?

Akampigia.

"Baba Cheryl, nani amekuvalisha?"

"Mwenye nyumba. Amenifungua, akanifunga upya."

"Mwenye nyumba si mimi?"

Shem akaangua kicheko. "Mwenye nyumba ya wageni, Mama Cheryl! Ni bibi kizee. Amenikuta koridoni akashtuka. Kumbe huku upande wa kulia huwekwa juu kwa maiti tu."

Magdalene hakucheka. Maiti aliwajua, huyo bibi hakumjua.

"Na ndani ya joho ulikuwa umevaa nini?"

"Ile longi nene ya baridi uliyoninunulia dukani Longbridge."

"Na fulana?"

"Na fulana, mama."

Magdalene akaitazama tena ile picha ya maua.

"Maua yakirudi tunaenda wote," alisema. "Huo mkanda nitaufunga mimi, mwenye nyumba."