Banda la Injinia na Mkaratusi wa Shangazi

Mama Klachi alilipata jina lake kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alikuwa bado msichana siku ile mfanyabiashara mmoja wa mbao, mtu wa pupa, alipofunga mnyororo wa gogo juu kabisa nyuma ya kiti cha trekta badala ya kuufunga kwenye ndoano ya chini, kisha akamwamuru avute. Msichana akavuta. Gogo halikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni magurudumu ya mbele, yakainuka taratibu, trekta likakaa kama mbwa anayeomba mfupa, na mwenye usukani akaona mawingu pale ilipokuwa barabara. Akakanyaga klachi. Trekta likatua kwa kishindo, naye akateremka, akamkaribisha yule mfanyabiashara kwa adabu zote apande akayaone mawingu mwenyewe. Yule bwana alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Trekta lenyewe, jekundu lililochujuka mpaka likafanana na tofali, lilikuwa la baba yake. Mzee alisubiri mtoto wa kiume wa kumwachia usukani, akachoka kusubiri, akamfundisha aliyekuwepo. Mtoto wa kiume alikuja baadaye sana, akakua akiliogopa trekta lakini akipenda kila kitu chenye kelele, akaishia kununua msumeno wa petroli. Huyo ndiye Injinia. Hakuna chuo kilichompa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa sababu kubishana naye kunachosha kuliko kupasua kuni.

Ndugu hawa wawili walikuwa wakiangusha miti pamoja, ile mibaya iliyosimama karibu na nyumba za watu. Kaka anakata, dada anavuta. Haujawahi mti wao kugusa hata ukingo wa bati la mtu, na kila mmoja aliamini moyoni kwamba sifa ni yake.

Basi shangazi yao akawaita. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mkaratusi mrefu ulioanza kuinamia paa. Kila upepo ukivuma, mama wa watu alikuwa anabeba mto wake na kwenda kukaa mlangoni, tayari kwa mbio.

Mama Klachi aliuzunguka ule mti kama mnunuzi asiyetaka muuzaji ajue amependa. Kushoto zilipita nyaya za umeme. Kulia palikuwa na ukuta wa jirani, kinyozi mpole aliyekuwa ameweka kiti chake uani kungoja wateja. Mbele ndiyo nyumba. Ukabaki uwanja wa nyuma tu. Mama Klachi akashika wima mbele ya jicho lake kijiti chenye urefu wa mkono wake ulionyooshwa, akarudi kinyumenyume mpaka urefu wa kijiti ukaufunika mti kuanzia shinani hadi kileleni, akasimama. Pale aliposimama ndipo kilele kingefika. Akageuka kutazama mti ungelalia nini njiani, akauma mdomo asicheke.

Mti ungelalia banda la kuku. Na banda hilo alilijenga Injinia.

Lilikuwa banda la aina yake. Alilijenga kwa mapenzi, akiimba, akakataa msaada wa mtu yeyote aliyewahi kujenga. Mlango ulifungukia ndani mpaka ukagonga kichanja cha kutagia, dirisha lilikuwa kwenye paa ili kuku waone anga, na jengo zima lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu aliyesimama foleni muda mrefu. Shangazi alilisifia siku ya kwanza kwa sababu ya heshima, na tangu hapo akawa mfungwa wa sifa zake.

“Banda haliguswi,” Injinia akasema. Akapendekeza waupitishe mti kushoto, kati ya nguzo na paa, akidai nafasi ipo. Dada yake akamuuliza kama nafasi hiyo ataionyesha akiwa hai au akiwa ameshika waya. Wakaanza kuvutana. Ndipo Shangazi akamwita Mama Klachi jikoni, eti akamsaidie kuteremsha sufuria.

Hapakuwa na sufuria yoyote ya kuteremshwa. Shangazi akafunga mlango, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuku wake hawajawahi kulala kwenye lile banda. Wanalala chini ya kitanda chake. Injinia akija kutembea, yeye huwakurupusha na kuwasukumiza bandani kabla hajafika mlangoni, naye jogoo humtazama kwa namna ya kumlaumu. Sasa mti huu, kama ungeteleza kidogo tu ukaangukia pale, nani angelaumiwa?

Mama Klachi akaegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka. Akamwambia ameshika usukani umri wake wote bila kuangusha mti hata juu ya ndoo; leo aanze kwa makusudi?

“Si makusudi, mwanangu,” Shangazi akasema. “Ni bahati mbaya niliyoiomba kwa muda mrefu.”

Mama Klachi alirudi uani na uso mkavu. Akamwambia mdogo wake kwamba amefikiri, na kweli jengo zuri kama lile haliwezi kuachwa lipondwe. Afadhali walivute kwa trekta, zima zima, walihamishie kando, kisha mti uanguke pahala pake. Bila shaka misingi yake itahimili?

Injinia alivimba kama chapati iliyopata moto. Akasema banda lile lingevutwa mpaka mji mwingine na kurudi. Akafunga mnyororo mwenyewe kuzunguka miguu ya banda, na dada yake akahakikisha ncha ya pili imeingia kwenye ndoano ya chini, akawaondoa watu wote mpaka mbali, mahali ambapo mnyororo ukikatika hauwafikii. Akaweka gia ndogo kuliko zote. Trekta likasonga kwa mwendo wa mtu anayeenda kudaiwa.

Mnyororo ukakaza. Banda likafikiri kidogo. Kisha ukuta wa mbele ukaondoka peke yake kwa utulivu, kama mgeni aliyekwisha kuaga, na paa, lilipoona hivyo, likakaa kitako. Kuta zilizobaki zikalalia paa. Hata kelele haikuwa kubwa. Lilibaki vumbi tu.

“Kuku!” Injinia akapiga ukelele, akakimbilia yale magofu, akaanza kurusha mbao huku na huku akiwatafuta marehemu.

Hapo mlango wa chumba cha Shangazi ukasukumwa na kidari. Akatoka jogoo, nyuma yake tetea mmoja, na mwingine, na mwingine, wote wamenyoosha shingo kutaka kujua kulikoni. Shangazi akajifunika uso kwa leso.

Injinia alisimama na ubao mkononi. Akawatazama kuku, akautazama mlango wa chumba, akamtazama Shangazi.

“Tangu lini?” akauliza.

“Tangu siku uliyomaliza, mwanangu.”

Hakuna aliyecheka. Mama Klachi, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka mpaka jioni, alikisahau kicheko alipoona mabega ya mdogo wake yameshuka. Injinia akatupa ubao, akaenda moja kwa moja kwenye msumeno, akashika kamba ya kuuwashia. Dada yake akazima trekta, akateremka, akaweka mguu juu ya msumeno. Akamwambia mti haukatwi na mtu aliyenuna. Akae kwanza, anywe kitu, wataanza akishakuwa yeye.

Akakaa juu ya paa la banda lake. Shangazi akamletea chai, akakaa kando yake juu ya bati lilelile, na kwa muda mrefu wakazungumza kwa sauti ambayo Mama Klachi hakuisikia wala hakuitegea sikio. Mwishowe Injinia akaokota msumari mmoja, akaukagua kwenye mwanga.

“Misumari waliniuzia mifupi,” akasema, na hapo dada yake akajua amepona.

Ndipo kazi ikaanza. Injinia alipanda ngazi akafunga waya wa chuma juu kabisa ya mti, mahali penye shina nene la kutosha. Waya ukapitishwa kwenye kapi, gurudumu la kupitishia waya, iliyofungwa kwenye kisiki cha zamani mwisho wa uwanja, ukakata kona hadi kwenye trekta lililokuwa limesimama kichochoroni pembeni, ili mti ukija usimkute Mama Klachi kwenye njia yake. Shangazi alikataa kutoka nyumbani, akakubali alipoambiwa kuku wanatoka pia, akahamia kwa kinyozi na kuku wake vikapuni. Kwa kuwa msumeno hausikilizi mtu, walikubaliana kuzungumza kwa kitambaa chekundu.

Injinia akafungua mdomo wa mti, ule mkato wa kuuelekeza, upande wa uwanja, mpana na safi. Kitambaa kikapepea mara ya kwanza. Mama Klachi akaukaza waya mpaka ukaacha kulegea, asizidishe. Injinia akahamia nyuma, akakata polepole, akaacha ukanda wa mti katikati usiokatwa, kama bawaba ya mlango. Akautoa msumeno, akauzima, akaondoka kwa njia aliyoifyeka mapema, akafika mbali ndipo akakipepea tena kitambaa. Mama Klachi akaachia klachi kwa unyayo mwepesi kama anamkanyaga mtoto. Bila kushtua, bila kuvuta kwa hasira. Mkaratusi ukaliacha paa la Shangazi, ukasimama wima kwa kitambo kama unaaga, bawaba ikalia, kisha ukalala uwanjani sambamba na waya. Vikombe vya kinyozi viligongana kabatini.

Mama Klachi alikuja akakitazama kisiki kipya cha mkaratusi. Ukanda wa bawaba ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Hapo umekata,” akasema.

Injinia akadai kelele za msumeno bado ziko masikioni, hakusikia vizuri, arudie. Akarudia. Akaombwa tena, akakataa.

Lakini sifa ni kitu cha hatari kwa mtu kama Injinia. Muda si muda akawa anatembea juu ya gogo, akilipima kwa shubiri, akieleza kwa mikono namna mbao hizi zitakavyotosha banda la ghorofa.

“Mbao zote nimemwahidi jirani,” Shangazi akasema haraka.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha kinyozi, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari hizo. Akamtazama Shangazi, akamtazama Injinia, akashukuru sana.

Mama Klachi alienda kukunja waya, mgongo amewapa. Punde mdogo wake akamfuata.

“Dada, ulijua litabomoka?”

“Nilijua.”

“Na hukuniambia.”

“Ungenisikia?”

Injinia akafikiri, tena kwa uaminifu kabisa. Kisha akashika ncha ya pili ya waya, akaanza kukunja.