Mzee Sikio Kwenye Koki ya Maji

Jina la Mzee Sikio hakupewa na wazazi wake, alipewa na karakana. Zamani kidogo alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya injini iliyokuwa inanguruma, akanyoosha kidole na kusema, "Ya tatu kutoka mbele, beringi inakufa." Wakaifungua, wakaikuta hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hata mkewe alikaribia kulisahau jina lake jingine.

Kazi yake ilikuwa kupima injini za boti kabla hazijaingia majini. Injini inafungwa kwenye mashine ambayo mafundi wanaiita breki, nayo inaikaba taratibu mpaka ijulikane ina nguvu kiasi gani. Bomba la moshi linapozwa kwa maji: maji yanamiminwa humo ndani, yanatoka nje pamoja na moshi. Hapo pana sharti moja lisilo na mjadala. Koki ya maji haifunguliwi mpaka injini iwake. Ukiifungua mapema, hakuna moshi wa kuyasukuma maji, yanajaa bombani, yanarudi kinyumenyume hadi kwenye silinda, na pistoni ikipanda ikayakuta, lazima kitu kipinde. Koki alikabidhiwa Mzee Sikio, maana nani mwingine angejua injini imewaka kumshinda yeye?

Ubaya ni kwamba masikio yenyewe yalikuwa yamekwisha. Yalianza kwa kuacha kusikia ndege, yakaacha simu, kisha sauti za wajukuu. Vizibo alikuwa havivai. Huwezi kuitwa Sikio halafu ukatia pamba. Nyumbani mkewe alipayuka mpaka majirani wakawa wanajua nini kinapikwa na nani kanuniwa. Kazini siri aliijua mtu mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa anabonyeza stata kutoka chumba chenye kioo. Injini ikiwaka, shemeji anajishika kidevu, Mzee anafungua koki. Kwa miaka minne kidevu kile ndicho kilichomlisha.

Jumanne moja shemeji akalazwa, anapasuliwa ngiri. Kwenye nafasi yake akakaa binti mmoja fundi, mwepesi wa kazi na mwenye adabu zake. Mzee alitaka kumwambia, "Mwanangu, ikiwaka nipungie mkono." Maneno yakafika kwenye ulimi, yakarudi. Angeulizwa kwa nini, angejibu nini? Akaamua kutegemea nyayo, kwa kuwa injini ikiwaka sakafu hutetemeka.

Binti akabonyeza. Sakafu ikatetemeka. Mzee akafungua koki.

Iliyoitetemesha ni injini ya chumba cha pili, nyuma ya ukuta, iliyowashwa dakika ile ile. Ya kwake ilikuwa inazungushwa na stata tu, ina hewa kwenye njia ya mafuta. Mwenye masikio yoyote, hata mabovu kidogo, angelijua hilo. Binti, macho kwenye skrini, akabonyeza tena, na tena. Mara ya nne injini ikakwama kwa kishindo. Mzee hakukisikia. Alikiona kwenye uso wa binti nyuma ya kioo, kajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mkuu wa karakana alifundishwa kazi na Mzee mwenyewe. Aliishika konrodi, fimbo inayobeba pistoni, ilivyopinda, akawa anaigeuzageuza.

"Mzee wangu, hukusikia kwamba haijawaka?"

"Nilisikia imewaka."

"Binti anasema haikuwaka hata mara moja."

"Huyu mgeni wa kazi. Atajua nini?"

Aliona aibu neno lile lilipomtoka, lakini lilishatoka. Binti aliinamisha kichwa.

"Basi keshokutwa nenda ukapimwe masikio," mkuu akasema. "Ukifaulu, koki ni yako, na binti ndiye atakayetueleza injini imeharibikaje. Usipofaulu, mzee wangu, humu ndani sina pengine pa kukuweka."

Nyumbani mkewe akapayuka kama kawaida. "Si uwaambie tu ukweli?"

"Ukweli ndio utakaomwaga unga wangu."

"Na yule mtoto wa watu?"

Hilo alilisikia vizuri sana, akajifanya hakulisikia.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa sponji, dirisha moja la kioo. Miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji. Leo alikalishwa upande wa injini. Muuguzi akamvisha vifaa vya masikioni, akamwambia kwa sauti ya juu, "Baba, kila ukisikia mlio, hata mdogo, inua mkono." Mzee alikuwa na mpango wake: atamtazama, akibonyeza tu, yeye anainua. Muuguzi akakaa nyuma ya kioo, akageuza kiti, akampa mgongo.

Ukaja mlio mnene, akainua mkono. Ukaja wa pili, akainua. Wa tatu hakuwa na hakika nao, akainua hivyo hivyo. Kisha muuguzi akatulia, labda anarekebisha mashine. Mzee akajikaza kisabuni. Akakaa wima, mkono tayari juu ya goti, hapepesi macho. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akajiapiza kwamba mlio unaofuata, uwe mdogo kiasi gani, hautampita.

Akangoja sana. Mwishowe mlango ukafunguliwa na muuguzi akaanza kumvua vile vifaa, polepole.

"Mbona hujaendelea?" Mzee akamuuliza.

Muuguzi akasogea mbele ya uso wake, midomo yake ionekane vizuri.

"Tumemaliza, baba. Masikio yote mawili."